Yaya yangu ana hepatiti B na sirozi: je, dawa ya nano itammaliza ini?

Swali: «Jambo docta. Mimi ni mama wa Katuba, hapa Lubumbashi. Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, ana miaka 52. Ana hepatiti B tangu zamani, na mwaka jana ekografi ilionyesha ini limeanza sirozi, yaani kujaa makovu. Sasa ana kansa ya titi iliyofika kwenye mifupa, na shimio ya kwanza, zile dawa kali za kansa, haikumsaidia. Hospitali moja ya India imetuandikia paclitaxel ya nano, ile yenye albumini. Jirani yetu amesoma kwenye simu kwamba chembe za nano zote zinaishia kwenye ini na hazitoki, kwa hiyo mwenye ini bovu zitammaliza. Mwingine anamuuzia maji ya nano ya fedha, eti yanasafisha ini. Na hapa mtaani wanataka kumtia chuma kwa mshipa kwa sababu damu yake ni kidogo. Tumsikilize nani? Hana maji tumboni na hachanganyikiwi akili. Daktari wa India ametaja dawa nyingine za nano kama hii haitafaa, na duru za baadaye atazipata hapa Lubumbashi, dawa ikitoka India. Matokeo ya labo na barua ya India nimeyapiga picha, haya hapa.»

Jibu: Mama, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa ile picha ya karatasi ya labo, maana bila hiyo ningekuwa nabahatisha. Nitatanguliza jibu, maelezo yafuate. Kwa namba nilizoziona, yaya yako anaweza kupewa dawa hiyo, lakini si kwa kipimo cha mtu mwenye ini zima, na si kabla hajaanza kidonge cha kuzuia virusi vya hepatiti B. Maji ya fedha ayaache leo hii. Chuma cha mshipani kinaweza kungoja hadi ijulikane damu inapotelea wapi. Neno la mwisho ni la daktari atakayemshika mkono na kumpima, ila sitaki mwende kwake bila kujua cha kumuuliza.

Jirani yenu hakusema uongo, ila ameshika nusu ya habari. Ini hupokea karibu robo ya damu yote ambayo moyo husukuma kila dakika. Ndani ya mishipa yake midogo kumejaa seli za Kupffer, ambazo kazi yao ni kukamata kila kigeni kinachopita: bakteria, mabaki ya seli nyekundu zilizochakaa, na chembe za dawa pia. Watafiti waliojumlisha majaribio mengi wanasema kwamba kati ya asilimia 30 na 99 ya chembe za nano zinazotiwa mshipani hukamatwa na ini. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walipitia majaribio ya miaka kumi juu ya wanyama wenye uvimbe wa kansa, wakakuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya chembe zinazoufikia uvimbe wenyewe. Kwa hiyo anayezungumzia usalama wa dawa hizi bila kuuliza habari za ini bado hajaanza kuzungumza.

Lakini udogo peke yake si sumu. Nanometa moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Chembe za dawa ya yaya yako zina nanometa kama 130, na kirusi cha hepatiti B chenyewe kina nanometa 42. Ini lake limekuwa likipambana na vitu vya udogo huo miaka mingi kabla hamjasikia neno nano. Yanayopaswa kuulizwa ni haya: chembe imetengenezwa kwa kitu gani, imebeba nini mgongoni, na ini lililobaki lina nguvu kiasi gani ya kuivunja na kuitoa nje.

Hofu ya jirani ina historia, na sipendi ipuuzwe. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950, hospitali nyingi duniani zilitumia Thorotrast, dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha za eksirei. Zilikuwa chembe ndogo sana za thori, madini yenye mionzi. Ini na bandama vilizimeza, zikakaa humo maisha yote ya mgonjwa kwa sababu hakuna kitu mwilini kinachoweza kuzivunja. Miaka ishirini, thelathini baadaye watu wakaanza kupata kansa za ini, nyingine za aina ambazo kwa kawaida ni nadra sana. Ndiyo maana swali la «inatoka au haitoki?» ni swali la haki kabisa. Figo huchuja kwa urahisi chembe zilizo chini ya nanometa 6 hivi tu. Kubwa kuliko hapo, kama haiyeyuki, njia iliyobaki ni nyongo, na nyongo inatengenezwa na ini hilohilo. Dhahabu, silika, fedha na madini mengine yamo katika kundi hili la vitu vigumu kuvunjwa. Katika panya wenye ini lililojaa mafuta na kuvimba, chembe za dhahabu zilidhuru ini zaidi kuliko kwa panya wazima.

Chembe za mafuta na chembe za albumini ni jambo lingine. Albumini ni protini ambayo ini la kila mtu huitengeneza kila siku. Paclitaxel yenye albumini, ambayo jina lake la kwanza sokoni ni Abraxane na iliruhusiwa Marekani mwaka 2005, haikai mwilini ikiwa chembe. Ikishaingia kwenye damu inasambaratika haraka, ikabaki albumini ya kawaida iliyoshikana na dawa. Kwa hiyo ile picha ya mchanga unaolundikana kwenye ini la yaya yako si picha ya dawa hii. Kinachobaki cha kuogopa ni paclitaxel yenyewe.

Hapo ndipo sirozi inaingia. Paclitaxel huvunjwa na ini na kutolewa kwa nyongo. Ini likiwa zito, dawa inachelewa kutoka, inazunguka kwenye damu muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na wa kwanza kuumia ni uboho unaotengeneza seli nyeupe. Seli nyeupe zikishuka sana, homa ndogo ya Jumatatu inaweza kuwa sumu ya damu kufikia Jumatano. Mgonjwa wa sirozi tayari ana kinga dhaifu. Hatari ya kweli iko hapa, Mama, na inaweza kupunguzwa kwa kurekebisha kipimo.

Sasa karatasi yake. Bilirubini ni 1.9 mg/dL, na labo imeandika mwisho wa kawaida ni 1.2. ASAT, kimeng'enya kinachopanda ini likiumia, ni 78, mwisho wa kawaida 40. Albumini ni 3.1 g/dL, INR, kipimo cha damu kuganda, ni 1.4, plaketi, chembe za kugandisha damu, ni 92 000. Unasema hana maji tumboni na hachanganyikiwi akili. Madaktari wa ini hupima sirozi kwa kujumlisha alama tano, hesabu inayoitwa Child-Pugh: bilirubini, albumini, INR, maji tumboni na hali ya akili. Yeye anapata alama moja kwa kila kimoja isipokuwa albumini, ambayo inampa mbili, kwa kuwa iko kati ya 2.8 na 3.5. Jumla ni 6. Alama 5 na 6 ni daraja A, sirozi ambayo ini bado linaihimili. Hizo ni habari njema na nataka mzipokee hivyo.

Lakini daktari wa kansa akisoma «Child-Pugh A» katika barua anaweza kusema ini halina shida na kuandika kipimo kamili. Maelekezo ya paclitaxel yenye albumini hayatumii Child-Pugh. Yanatazama bilirubini ni mara ngapi ya mwisho wa kawaida, pamoja na ASAT. Gawanya 1.9 kwa 1.2: unapata karibu 1.6. Mstari wenyewe uko kwenye 1.5. Yaani kwa hesabu moja yaya yako ana sirozi nyepesi, na kwa hesabu nyingine ana upungufu wa kati wa ini, na ni hii ya pili ambayo dawa hii inaisikiliza. Kwa kansa ya titi iliyosambaa, mwenye ini zima hupewa miligramu 260 kwa kila mita mraba ya mwili, mara moja kila wiki tatu. Mwenye bilirubini ya kiwango cha yaya yako huanzishiwa 200. Kwa mwanamke mwenye mita mraba 1.6 hizo ni miligramu 320 badala ya 416, tofauti ya karibu chupa moja nzima ya dawa, kwa kuwa kila chupa ina 100. Akiivumilia duru ya kwanza na ya pili vizuri, daktari anaweza kufikiria kupandisha. Ikiwa bilirubini itavuka mara tano ya kawaida, au ASAT mara kumi, dawa haitolewi kabisa.

Barua kutoka India mliyonitumia inataja 260 na haitaji ini hata mara moja. Sisemi kwamba wamekosea. Pengine hawakupelekewa matokeo haya. Wapelekeeni karatasi nzima pamoja na ekografi, na muwaulize kwa maandishi: «Kipimo hiki kimezingatia bilirubini ya 1.9 na hepatiti B?» Jibu lao mlihifadhi.

Kuna jambo moja ambalo dawa hii ya nano inaizidi paclitaxel ya kawaida kwa mtu kama yaya yako, na jirani hawezi kulisoma kwenye simu. Paclitaxel haiyeyuki kwenye maji. Ile ya kawaida huyeyushwa katika mafuta yaliyotokana na mbarika pamoja na alkoholi, karibu nusu kwa nusu, na mafuta hayo huleta mzio mkali, hivyo kabla ya kila duru mgonjwa hupigwa deksametazoni, dawa ya steroidi. Steroidi huituliza kinga, na kinga ikitulia hepatiti B huamka. Paclitaxel yenye albumini haina mafuta hayo wala alkoholi, na kwa kawaida haihitaji steroidi ya kutangulia. Inaingia kwa dakika 30 badala ya saa tatu. Mtu anayemwambia aachane na nano arudie ile ya zamani ili alinde ini angekuwa anamtoa kwenye hatari ndogo na kumpeleka kwenye kubwa zaidi.

Nisimame kwenye hepatiti B, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wakipotea bure. Shimio yoyote, ya nano au isiyo ya nano, inaweza kuamsha virusi vilivyolala. Transaminazi, yaani vimeng'enya vya ini kama ASAT, zinapanda ghafla, macho yanakuwa ya njano, na familia inasema «dawa imemuua ini», kumbe ni virusi vilivyopewa nafasi. Kwa mwenye sirozi mwamko huo unaweza kuua kabla ya kansa. Kinga yake ipo: tenofoviri, kidonge kimoja cha miligramu 300 kila siku, kianze kabla ya shimio na kiendelee wakati wote. Hapa kwetu tenofoviri inajulikana zaidi kama dawa ya SIDA (UKIMWI), na wengine wanaona haya kuichukua. Asione haya. Lakini apimwe VIH, virusi vya SIDA, kwanza, kwa kuwa mtu mwenye VIH akinywa tenofoviri peke yake anafundisha virusi vile kuishinda dawa. Apimwe na kreatinini, kwa ajili ya figo. Kama labo inaweza kupima wingi wa virusi vya hepatiti B kwenye damu, vizuri sana. Kama haiwezi, kidonge kisisubiri kipimo hicho.

Umeniuliza juu ya dawa moja, lakini umenieleza kwamba daktari wa India ametaja nyingine za nano «kama hii haitafaa». Ni vyema ujue kwamba hazifanani. Sirozi haibadilishi tu kasi ya kutoa dawa, inabadilisha hata mahali chembe zinakoenda. Ini zima lina vitundu vidogo kwenye kuta za mishipa yake, na chembe hupenya humo kufikia seli zinazofanya kazi ya kuvunja. Katika sirozi vitundu hivyo vinaziba kama chekeche la unga wa bukari lililolowa maji: unamimina, lakini kinachopita ni kidogo. Damu nayo inatafuta njia za pembeni na kulikwepa ini. Madaktari wa picha wamekiona hiki kwa macho miongo mingi. Walikuwa wakitia mshipani chembe ndogo zenye teknesi, kitu chenye mionzi, zinazong'aa kwenye mashine. Kwa mtu mzima ini ndilo linalong'aa. Kwa mwenye sirozi iliyokomaa, ini linafifia, na bandama pamoja na mifupa ya mgongo ndiyo inayowaka, wakati mwingine hata mapafu.

Hilo lina matokeo. Kulikuwa na dawa iliyoitwa Livatag, yaani doksorubisini, dawa ya kansa, ndani ya chembe za plastiki inayoyeyuka, iliyokusudiwa kansa ya ini, yaani wagonjwa ambao wengi wao wana sirozi. Mwaka 2011 jaribio lake lilisimamishwa kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata shida kali ya mapafu. Watafiti hawakuificha. Walirefusha muda wa kuitia hadi saa sita, wakaanza upya, na jaribio kubwa likakamilika. Mwaka 2017 matokeo yakaonyesha kwamba haikuwaongezea wagonjwa maisha kuliko matibabu mengine. Kuna nyingine, MRX34, chembe za mafuta zilizobeba kipande kidogo cha RNA. Jaribio lake lilifungwa mwaka 2016 kwa sababu kinga za wagonjwa ziliwaka kupita kiasi na wanne wakafa. Nakutajia hizi ili mtu asije akawaambia kwamba nano ni teknolojia mpya isiyo na madhara.

Doksorubisini ya liposomu, inayouzwa kwa majina Caelyx na Doxil, imekuwapo tangu 1995 na inajulikana vizuri. Ni chembe za mafuta zilizovikwa koti la kuzificha zisikamatwe haraka na seli za Kupffer, kwa hiyo inakaa kwenye damu siku kadhaa. Kwa hiyo nayo kipimo hupunguzwa mara tu bilirubini inapofika 1.2, na yaya yako ameshaipita. Irinotekani ya liposomu, Onivyde, ilijaribiwa bila watu wenye bilirubini iliyopanda, hivyo hakuna kipimo kilichothibitishwa kwa mtu wa aina yake. Ningeikataa. Na hapa niseme wazi kinachonisumbua katika fani yetu: majaribio mengi ya dawa hizi huwaacha nje wenye sirozi tangu siku ya kwanza, halafu dawa ikishafika sokoni inaandikiwa watu wa Afrika, ambako hepatiti B imejaa majumbani. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 254 wanaoishi na hepatiti B duniani mwaka 2022, na karibu robo yao wako Afrika. Sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kujaribiwa kwa uangalifu, na tunakuwa wa mwisho kufikiriwa. Kwa hiyo mnapoambiwa «imethibitishwa ni salama», ulizeni: kwa nani?

Chuma. Watu wengi hawajui kwamba chuma cha kutia mshipani ni dawa ya nano ya zamani: kiini cha chuma kilichofunikwa kwa sukari. Chembe hizo humezwa na seli za Kupffer na za bandama, kisha chuma kinatolewa polepole. Ini lenye virusi halifurahii chuma cha ziada, na bakteria wanakipenda, kwa hiyo hakitiwi mtu mwenye homa au maambukizi. Lakini Mama, kabla ya kubishana juu ya chuma, kuna swali kubwa zaidi: damu inakwenda wapi? Plaketi 92 000 kwa mwenye sirozi zinanieleza kwamba bandama imevimba na shinikizo la mshipa unaoingia kwenye ini limepanda. Shinikizo hilo huvimbisha mishipa ya koo la chakula, nayo huvuja kimyakimya. Mwulize yaya yako leo kama amewahi kuona choo cheusi kama lami. Hata akikataa, apigwe kamera ya tumbo kabla ya shimio. Kisha ferritini, protini inayotunza chuma, na kiasi cha transferini, protini inayokibeba, iliyojaa chuma vipimwe pamoja, kwa sababu ferritini peke yake hupanda ini linapovimba na inaweza kudanganya. Kama chuma ni kidogo kweli, kitiwe, kwa kiasi kilichopigiwa hesabu, hospitalini, akiwa chini ya macho ya muuguzi.

Juu ya maji ya fedha sitakuwa na maneno mengi. Fedha haina kazi yoyote mwilini. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza mwaka 1999 kwamba bidhaa za namna hiyo hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na faida. Fedha hulundikana katika ngozi na viungo, ini likiwemo, na wengine wamegeuka rangi ya kijivu kama jivu la makaa bila kurudi. Hakuna maji yanayosafisha ini. Na wakati wa shimio aache pia lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, bia, na dawa za miti za kuchemsha, hata zile ambazo bibi alizitumia bila shida. Parasetamoli isizidi gramu mbili kwa siku.

Mmoja wenu ameuliza chini ya ujumbe kama chanjo za COVID nazo zina nano. Ndiyo, zile za RNA. Zinatiwa msulini kwa kiasi kidogo sana, na vyama vya madaktari wa ini vya Ulaya na Marekani vilipendekeza wenye sirozi wazipate, kwa kuwa COVID iliwaua zaidi kuliko wengine. Na chanjo ya hepatiti B yenyewe ni chembe za nanometa 22 za ganda la kirusi, bila kirusi ndani. Ninyi mnaokula na kulala nyumba moja na yaya mpimwe, na asiye na virusi achanjwe, dozi zote tatu.

Sasa mambo ya mkononi, kwa kuwa mmesema duru za baadaye atazipata hapa Lubumbashi na dawa itatoka India kwa sanduku. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka joto la kati ya 20 na 25, mbali na mwanga. Mwezi wa kumi hapa kwetu nyumba ya mabati inapita 30 kabla ya saa sita, kwa hiyo zisikae juu ya kabati nyumbani. Zipelekwe farmasia ya hospitali siku hiyohiyo. Caelyx ni kali zaidi, inataka friji ya 2 hadi 8 na haivumilii kuganda, na kwa umeme wetu huu msiikubali kama hospitali haina jenereta.

Muuguzi akichanganya paclitaxel yenye albumini asiitikise kama anavyotikisa dawa ya maji ya watoto. Anatia maji ya chumvi mililita 20 polepole, kwa dakika moja au zaidi, yakitiririka kwenye ukuta wa chupa, anaiacha dakika tano, kisha anaizungusha taratibu dakika mbili. Povu likitokea anangoja litulie. Kinachopatikana ni kioevu cheupe kama maziwa. Kikiwa angavu kama maji, hiyo si dawa mliyonunua. Na ikiwa farmasia itasema «hii tumekosa, lakini tuna paclitaxel nyingine», jibu ni hapana, mpaka daktari aandike upya. Miligramu za moja si miligramu za nyingine. Paclitaxel ya kawaida hutolewa kwa 175, na mtu akipewa hiyo kwa kipimo cha 260 amepewa sumu.

Kabla ya kila duru apimwe seli nyeupe, bilirubini, transaminazi na plaketi. Neutrofili, aina ya seli nyeupe, zikiwa chini ya 1 500, duru inasubiri. Joto likifika 38, hata usiku wa manane, hata kama anasema anajisikia vizuri, aende hospitali bila kungoja asubuhi na bila kumeza kitu cha kushusha homa kwanza. Vivyo hivyo macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa, au akianza kulala mchana na kukesha usiku, maana hiyo mara nyingi ni dalili ya kwanza kwamba ini linachoka. Ganzi kwenye nyayo na vidole ni ya dawa, inakuja polepole. Amwambie daktari mapema ili kipimo kishushwe kabla hajashindwa kufunga vifungo vya nguo.

Tenofoviri haiishi pamoja na shimio. Mtu asiye na sirozi huendelea nayo angalau mwaka mmoja baada ya duru ya mwisho. Yaya yako ana sirozi, kwa hiyo kwake ni kidonge cha maisha, na ekografi ya ini kila miezi sita.